Chumvi Iliyoibwa Unyambwa

Risasi ya pili ndiyo iliyopasua tairi.

Prado nyeupe iliyumba, ikaacha lami, ikabingirika kwenye shamba la alizeti na kulala chali. Elina, jasusi wa Idara ya Usalama, alisimamisha pikipiki yake, Honda XL, akashuka na bastola ya Glock mkononi.

Hakukimbia.

Ndani ya gari alikuwamo Manase, msaidizi wa Dakta Chediel wa Unyambwa. Kwa miaka mingi Chediel alikaa mbele ya kompyuta akiisanifu chumvi ya ajabu, iliyo majimaji bila kuyeyushwa. Ukitia matone yake kwenye maji ya betri ya lithiamu, betri hiyo hata ikitobolewa haishiki moto. Kompyuta ilichuja maelfu ya michanganyiko hadi ukabaki mmoja.

Mabwana wa nje ya nchi waliutaka huo mmoja.

Asubuhi hiyo Manase alimkata dakta kidole gumba, akakitumia kufungua kompyuta, akamwacha anavuja damu sakafuni. Elina alimkuta bado anapumua. Alipofika Ikungi akimfukuza Manase, redio ilimwambia dakta amekwisha kufa.

Sasa Elina alichutama dirishani. Dashibodi ilikuwa imembana Manase miguu. Flashi yenye mchanganyiko ule ilining'inia shingoni mwake. Elina akaikata kamba.

Nyuma ya kiti, sanduku la betri za majaribio lilianza kufuka moshi.

"Betri gani hizo?"

"Za mwanzo. Hazina chumvi. Nitoe, dada."

"Nakala iko wapi?"

Aliapa kwamba hakuna nakala. Elina akasimama kuutazama moshi, kama mtu anayengoja chai ichemke. Moshi ulipogeuka mweusi, Manase akatapika yote: mnunuzi yuko Mkiwa, kwenye hoteli ya njia panda, alishapelekewa nakala asubuhi, ameificha ndani ya kava ya simu yake.

Elina akabonyeza redio. "Mkiwa, hoteli ya njia panda. Mgeni. Vueni kava ya simu yake."

Baada ya dakika chache sauti ya mwenzake ikakwaruza: "Tunayo. Na yeye tunaye."

Manase alisikia. Akaanza kusihi kwa jina la mama yake.

"Dakta naye aliomba?" Elina aliuliza.

Manase alilia. "Aliomba."

Elina akageuka. Betri ya kwanza ililipuka akivaa helmeti. Kelele za Manase zilidumu zaidi ya alivyotarajia.

Mkuu wake aliingia redioni, akauliza habari za Manase.

"Ameungua."

"Ulishindwa kumtoa?"

"Sikujaribu."

Akaipiga Honda kiki, akarudi Singida mwendo wa pole, akiwapisha ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara.