Matufe ya Ngazini

Makandi hakuweza kuona uzi ukakaa bure. Asubuhi, chai ikisubiri kuchemka, vidole vyake vilikuwa vikicheza na uzi wa gunia. Akitumwa kumfunga ndama, kamba ya ndama ilijaa mafundo ya urembo mpaka shingoni. "Huyu mtoto siku moja atatufunga sote humu ndani, na mlango pia," mama yake alizoea kusema. Makandi alicheka, akanywa chai yake harakaharaka, kisha akashika njia ya shule, uzi ukiwa bado mkononi.

Walikaa Kaaga, mahali penye shule nyingi sana hivi kwamba watu wa Makutano, jirani zao, hutania kuwa hata kuku wa huko wanajua kusoma. Shule ya Makandi ilikuwa na bweni dogo la watoto wasioona. Watoto hao walisoma pamoja na wenzao, lakini kutoka bwenini hadi jikoni au darasani ilibidi washikwe mkono, na mshikaji akichelewa, nao walichelewa. Mmoja wao, Ntinyari wa darasa la pili, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Mimi si mbuzi wa kuvutwa," alikuwa akilalamika, huku akijaribu kuuchomoa mkono wake.

Mwalimu Gichovi, mtu wa Embu aliyefundisha kazi za mikono, ndiye aliyeleta dawa. Muhula wa pili alichimbia nguzo njia nzima, akafunga kamba ndefu ambayo mtoto angeishika akitembea. Kamba peke yake haikutosha, kwa maana haisemi mbele kuna nini. Basi akaamua kila mahali muhimu paning'inizwe matufe ya kamba. Tufe moja: njia inapinda, endelea. Matufe mawili: simama, kuna ngazi. Kazi ya kuyafunga akawapa wanafunzi wa darasa la sita, darasa la Makandi.

Kufunga tufe si kazi ya papara. Unazungusha kamba ya katani kwenye vidole vitatu, unaipitisha juu, unaipitisha chini, juu tena, chini tena, mpaka inafanya kikapu kidogo chenye matundu. Hapo unatia kokwa ya makadamia ndani, kwa sababu ni ya mviringo na ni ngumu kama jiwe. Kisha unaifuata njia ile ile mara ya pili na ya tatu, na mwisho unakaza polepole kwa ncha ya sindano ya gunia. Ukimaliza, kokwa haionekani tena. Unaona tufe tu, limesukwa likapendeza, na mkia wake wa kuning'inizia.

"Sikieni vizuri," Mwalimu Gichovi aliwaambia. "Makadamia ina nguo mbili. Koti la nje ni la kijani na laini. Hilo mlimenye lote. Kokwa iliyobaki iwekeni juu ya jiko, kwenye moshi, siku nyingi, mpaka mkiitikisa msikie mbegu ikilia ndani. Isipolia, haijakauka. Ikiwa haijakauka, msiifunge."

Makandi alisikia, lakini sikio la mtu anayejiona bingwa huwa na mlango mwembamba. Yeye alikuwa amekwisha kujua kufunga wakati wenzake bado walikuwa wakijifunga vidole. Siku zile alizopewa za kukausha kokwa alizitumia kuwasukia marafiki zake bangili za uzi na kusifiwa. "Fundi! Fundi Makandi!" walimwita, naye jina hilo likamnoga. Jioni moja akakumbuka kwamba kesho yake matufe yalitakiwa. Akapandisha mkono juu ya jiko la mama. Hapakuwa na kokwa hata moja.

Nyuma ya chumba cha jiko ulisimama mmakadamia wao. Makandi alichuma matunda mawili makubwa, yakiwa na makoti yake ya kijani. Kuyamenya kungemchelewesha, na kokwa zingekuwa mbichi vilevile. Yakifungwa hivyo hivyo, nani angejua? Akayafunga. Vidole vyake havikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Kwa sababu ya lile koti, matufe yake yalitoka makubwa na manene kuliko ya mtu yeyote.

"Ulizikausha, Makandi?" Mwalimu Gichovi aliuliza asubuhi.

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu alilitikisa tufe moja karibu na sikio. Kimya. Akacheka. "Umekaza sana, msichana wangu, hata kokwa imekosa nafasi ya kulia!"

Makandi naye akacheka, uongo ukapita. Na kumbe hilo lilikuwa dogo. Siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi, Mwalimu aliyainua matufe yale yaonwe na wote. "Haya ndiyo makubwa kuliko yote," alisema. "Kwa hiyo yatakaa pale juu ya ngazi za jikoni, penye hatari, ili mkono wa mtoto usiyakose." Watu wakapiga makofi. Mama Makandi aligeuka huku na huku ili kila mtu ajue huyo ni mtoto wa nani. Makandi aliona uso ukimwaka moto. Ulimi wake ulijua la kusema, lakini ukalala.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa tisa, jua lilikuwa kali na vumbi limejaa kila mahali. Makandi alipita karibu na ngazi, akayabonyeza matufe yake kwa kidole gumba. Yalibonyea. Koti la kijani lilikuwa likinyauka ndani, na kamba zilizokazwa vizuri sasa zilicheza. Siku iliyofuata alikuja na sindano ya gunia ili akaze kwa siri. Kabla hajaanza, akasikia hatua nyepesi zikija kwenye kamba.

"Nani yuko hapo?" aliuliza Ntinyari.

"Ni mimi, Makandi."

"Ah, dada Makandi! Umekuja kuyasalimia matufe yako?" Ntinyari alinyoosha mkono, akayagusa, akasimama papo hapo kama askari. "Mawili! Simama, ngazi!" Akashuka moja moja, peke yake, kidevu juu. "Siku hizi sivutwi na mtu," alisema akiwa chini.

Makandi aliificha sindano nyuma ya sketi, kana kwamba Ntinyari angeiona. Kengele ikalia, akaenda darasani. Kesho nitayakaza, alijiambia. Kesho hiyo ikazaa kesho nyingine.

Asubuhi moja ya wiki ile, wakati wa uji, kishindo kilisikika kutoka jikoni. Makandi alikimbia pamoja na wengine. Ntinyari alikuwa amelala chini ya ngazi, kikombe chake kimebingirika mbali, mdomo umepasuka na goti linatoka damu. Juu yake, kwenye nguzo, lilining'inia tufe moja. Mahali pa lile la pili palikuwa na kamba tupu iliyolegea kama soksi.

Mama Ciakuthii, mlezi wa bweni, alimwinua mtoto, akamfuta damu mdomoni.

"Nisamehe, Mama," Ntinyari alisema kabla hajaulizwa. "Nilihesabu vibaya. Niligusa moja, nikadhani bado niko kwenye kona."

"Nilijua tu!" Mama Ciakuthii alisema kwa hofu zaidi kuliko hasira. "Kuanzia leo hutembei peke yako. Utashikwa mkono, hata kwenda msalani. Umesikia?"

Ntinyari hakuwa amelia kwa sababu ya mdomo wala goti. Sasa ndipo alipolia.

Makandi alitazama chini asije akakutana na macho ya mtu. Pale kwenye nyasi, kando ya ngazi, aliona makadamia yake. Koti lilikuwa limekauka, limekuwa la kahawia na kupasuka katikati. Aliiokota haraka na kuitia mfukoni. Mwalimu Gichovi aliigeuzageuza ile kamba tupu, akasema pengine kuna mtoto mtukutu aliyeichezea. Aliwauliza wanafunzi wote, mmoja mmoja. Alipomfikia Makandi hakuuliza. "Wewe najua huwezi kuiharibu kazi yako mwenyewe," alisema, akapita. Makandi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni ile nyumbani hakugusa uzi. "Leo uzi umekukosea nini?" mama yake aliuliza. Makandi alisema kichwa kinamuuma. Hakikuwa kinamuuma kichwa. Kila alipokaa, ile makadamia mfukoni ilimchoma pajani.

Kesho yake, saa ya mapumziko, alimkuta Ntinyari ameketi kwenye mlango wa bweni, plasta gotini. Aliyetakiwa kumshika mkono alikuwa amekwenda kucheza rede. Ntinyari alikuwa akigusa vidole vya mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. "Kimoja. Viwili. Kimoja. Viwili."

"Unafanya nini?" Makandi aliuliza.

"Dada Makandi! Najifunza kuhesabu kwa mkono. Wewe ni fundi. Nifundishe vizuri nisikosee tena, labda Mama ataniachia kamba yangu."

Makandi alikaa chini kando yake. Kama mtoto huyu angemtukana, angevumilia. Kama angemlaumu, angejitetea. Lakini kuombwa msaada naye, hilo halikuvumilika. Alijiona mdogo kuliko kokwa. Akaingiza mkono mfukoni, akaichukua ile makadamia, akaiweka kwenye kiganja cha Ntinyari.

Vidole vidogo viliizunguka, vikaukuta ule ufa. "Ni makadamia," Ntinyari alisema. "Lakini bado ina koti."

"Ilikuwa ndani ya tufe la ngazini," Makandi alisema, na sauti yake ilimtoka kama si yake. "Sikuimenya wala sikuikausha. Nilimdanganya Mwalimu. Koti lilinyauka, kamba ikalegea, makadamia ikadondoka. Nililiona tufe linalegea, nikanyamaza. Ulipogusa, lilikuwa moja kweli. Nisamehe, Ntinyari."

Ntinyari alikunja paji la uso. Makandi alisubiri kusukumwa au kupigwa, na aliona ni haki yake. Badala yake Ntinyari aliruka juu.

"Basi nilihesabu sawa!" alipiga kelele. "Mama Ciakuthii! Mama! Nilihesabu sawa! Lilikuwa moja!"

Hakuna fimbo ambayo ingemwumiza Makandi kuliko furaha ile. Mtoto aliyepasuka mdomo alikuwa akishangilia kwa sababu tu hakuwa amekosea kuhesabu kama alivyodhaniwa. Siku nzima na usiku mzima alikuwa ameubeba mzigo usio wake. Makandi alilia, tena kwa sauti, pale mlangoni.

Mama Ciakuthii alikuja, na Mwalimu Gichovi nyuma yake. Makandi alirudia yote mbele yao, bila kupunguza neno. Mwalimu alikwenda kwenye ngazi, akalishusha tufe lililobaki, akalikata kwa kisu. Makadamia nyingine ikatoka, nayo ina koti lake lililonyauka. Aliigeuza kiganjani.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema polepole. "Nami nilikuamini hata nikaupuuza ukimya wa tufe nililolitikisa kwa mkono wangu. Makosa hayo ni yangu. Yako unayajua."

"Nayajua, Mwalimu."

Mama Ciakuthii naye alipiga magoti mbele ya Ntinyari, mtu mzima yule, akamfuta vumbi usoni. "Nilikulaumu bure, mwanangu. Kamba ni yako." Lakini Mwalimu alitaka kwanza ngazi zipate matufe ya kweli. Mpaka hapo, Makandi ndiye aliyemshika Ntinyari mkono kila asubuhi, na Ntinyari hakusahau kumkumbusha kwamba yeye si mbuzi.

Makandi alimweleza mama yake kila kitu jioni ile ile, na mama, ambaye aligeuka huku na huku siku ya makofi, sasa alitazama moto tu. Kisha akapisha nafasi juu ya jiko. Makandi alimenya kokwa nyingi, akazipanga kwenye moshi, akawa anazitikisa kila siku. Hakumsukia mtu bangili. Zilipolia, akafunga matufe mapya, akayapeleka shuleni, na Mwalimu Gichovi akasema, "Usinionyeshe mimi. Mkaguzi ni huyu."

Ntinyari aliyashika, akayabonyeza, akayatikisa sikioni. "Hili linalia. Hili nalo linalia," alisema. La tatu akalirudisha. "Hili lina kamba moja iliyolegea. Funga upya."

Lilikuwa zuri sana kwa macho. Makandi hakubisha. Alikaa chini, akalifumua lote.

Siku ya kuyaning'iniza, hakukuwa na wazazi wala makofi. Ntinyari alikuja kwenye kamba peke yake, akagusa, akasimama. "Mawili," alisema. Akashuka mpaka chini, kidevu juu. Makandi alikuwa amesimama pale chini, hajui atazame wapi.

Mwalimu Gichovi alimwekea mkono begani. "Ulidhani unafunga urembo wa kutazamwa," alimwambia. "Hakuna mtoto wa bweni lile anayeutazama. Wao wanauegemea. Utakapokuwa mkubwa, uwe fundi wa nguo, wa nyumba au wa dawa, atakuwepo mtu anayeiegemea kazi yako bila kuona ulivyoifanya. Uvivu ukija, mkumbuke huyo."

Makandi aliiomba tena kwa Ntinyari ile makadamia iliyopasuka, akaitunza. Baadaye wenzake walianza kumwita fundi tena, kwa maana vidole vyake havikuwa na mfano. Kila walipomwita hivyo, alitia mkono mfukoni na kuigusa kwanza, ndipo akaitika.