Sura ya Tisa kwa Sauti ya Mwalimu

Kikohozi kile hakikuwa cha Mwalimu Nestory. Scholastica, mkewe, alikuwa kivulini nyumbani kwao Morotonga, akipepeta ulezi huku hedifoni zikimsomea sura ya tisa ya kitabu cha mumewe. Kila lilipotajwa jina la Magige, mtu alikohoa, kama aliyepaliwa na maji.

Kitabu kilikuwa historia ya ukoo. Mwalimu alipostaafu alikiandika, kisha akaapa kukisoma mwenyewe kiwe kitabu cha sauti, kisikilizwe kwenye simu mpaka Nyansurura na kwa ndugu walioko machimboni. Alijirekodi ndani ya ghala la mahindi, mablanketi yametundikwa kuzuia kelele za majogoo. "Historia yangu haisomwi na mtoto wa redio," alisema. Mbishi yule, acha tu!

"Baba Joel, kuna mtu anakohoa humu."

"Ni upepo."

"Tangu lini upepo ukakohoa?"

Kwa hasira akaingia ghalani kuirudia sura nzima. Alitoka ameloa jasho, sauti imekwaruza, na nyuma yake ikatoka harufu ya ngozi mbichi na matope ya mtoni. Scholastica akasikiliza upya. Hakuna aliyekohoa. Ila pale kitabu kiliposema kwamba Magige, mdogo wake babu, alikufa kwa homa akazikwa nyumbani, sauti ya Nestory mwenyewe ilisema: "Niliachwa mtoni na mkuki mbavuni. Kaka aliswaga ng'ombe, akaniacha."

"Yesu wangu! Umesoma nini hapa?"

"Nilichoandika," alinong'ona, maana sauti ilikuwa inamtoka. Kufikia saa sita mchana hata mnong'ono ulikwisha. Alifumbua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, kimya. Na simu pale mezani, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kusoma kwa sauti ileile iliyomposa Scholastica, iliyowabembeleza watoto wake na kuwaombea kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne, ikitaja rangi za ng'ombe walioibwa, mmoja baada ya mwingine, na ubaridi wa maji yalipofika kifuani, na jinsi mtu alivyomwita kaka yake, akamwita tena, akamwita mpaka jua likazama na kaka hakugeuka.

Scholastica aliikamata simu, akafuta rekodi zote. Kimya kikarudi. Akampigia shangazi Teresia, dada wa baba yake Nestory.

Bibi huyo alifika alasiri kwa bodaboda kutoka Nyambureti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Amemtaja Magige, sivyo?" Alishusha sauti. "Yule alikufa kijana, na hakuliliwa. Kumlilia kungekuwa kukiri kwamba baba yangu alimtupa mdogo wake. Hakuna aliyenyoa nywele kumwomboleza. Wakubwa walitufundisha kusema ni homa, na huyu mjinga akaenda kuusoma uongo huo kwa kinywa chake."

Akatoa wembe, akamkalisha Nestory kwenye kigoda mlangoni pa zizi, akaanza kumnyoa. "Amlilie kwa sauti, kwa jina lake. Ndipo Magige ataondoka."

"Hana sauti, shangazi."

"Najua. Magige ameiweka kwenye simu. Ilete hapa, ilie pamoja na mwenyewe, itamrudia."

Scholastica akakaa chini kwenye samadi.

"Nimeifuta."

"Umefuta nini?"

"Zote, shangazi. Niliogopa. Sikujua!"

Wembe ulisimama. Nestory, kichwa kimenyolewa nusu, alimtazama mkewe, machozi yakimchuruzika bila mlio. Kisha midomo yake ikafunguka, ikatoka sauti, na Scholastica, masikini, akafurahi kwa nukta moja.

Ilikuwa sauti ya kijana.

"Mke wangu," ilisema kwa upole, kama babu anavyomwita mke wa mjukuu wake, "nimetoka mbali. Nipakulie."