Fimbo ya Dada

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, Kitinda aliposikia goti la dada yake likilia jikoni. Kwa, kwa, kwa; mlio uleule wa miaka kumi na mmoja, kama mtu anayetafuna changarawe. Akaacha kukunja shuka. Dada mwenyewe alikuwa mbele yake kitandani, mguu wa kulia juu ya mto, na goti lile lilikuwa limetolewa siku sita zilizopita, likawekwa la chuma.

"Umesikia, dada?"

"Nisikie nini? Goti langu jipya ni bubu." Dada akacheka. "Niletee chai, mdogo wangu."

Daktari wa mifupa alikuwa amewaeleza siku moja, kabla ya upasuaji, wote wawili wamekaa mbele yake. Goti la kulia la dada libadilishwe lote. La kushoto lingoje miezi sita. Nyonga ya Kitinda? Bado. Mazoezi, vidonge, labda sindano. Kisu baadaye, picha zikionyesha. Na huyo aliyeambiwa bado ndiye aliyekuwa akimwinua dada kwenda chooni, nyonga ikimchoma kama msumari wa moto. Wageni walimpa dada pole. Yeye walimwuliza kama maji ya kunywa yapo.

Ndiyo maana fimbo ya zamani ya dada hakuichoma. "Kaichome," dada alimwagiza siku alipopewa magongo mapya hospitalini. "Imebeba maumivu yangu yote." Kitinda aliificha nyuma ya mlango wa jikoni, na akienda dukani aliishika. Watu walimpisha kwenye foleni. Aliyeshika fimbo huaminiwa.

Sasa alipoingia jikoni kulinuka dawa ya kuchua, ile ambayo dada alikuwa ameacha kuipaka. Fimbo ilisimama katikati ya sakafu, haikuegemea kitu.

"Nimefukuzwa gotini," ikasema sauti ndogo, kavu. "Penye chuma hatulali. Lakini wewe umenishika mkono, umenitembeza mtaani. Nitakaa nyongani mwako."

"Nyonga hii itabadilishwa," Kitinda alinong'ona. "Na mimi nitawekewa chuma."

"Watakupiga picha, hawataniona. Watasema bado. Mwakani watasema bado. Utalia, nao watakuuliza maji yako wapi."

Akataka kukimbia, lakini mguu ulibaki nyuma, mzito kama si wake, na ile harufu ikampanda kooni, na kutoka ndani ya paja lake, chini kabisa, mahali ambapo hata yeye hakuwahi kupafikia kwa mkono, kikaanza kitu kujigeuza polepole, kama mgeni anayejaribu godoro, kwa, kwa, huku chumbani dada akiimba kwa furaha ya mtu asiyeumwa popote.

"Mdogo wangu, chai imeota mizizi huko?"

Kitinda alikuwa anahesabu mifupa ya nyumba ile, ipi ya chuma, ipi bado.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, alimpelekea dada chai kabla hajaitwa, na kwapani ameibana fimbo.

"Si nilisema uichome?"

"Magongo yanakuchosha, dada. Fimbo yako umeizoea."

"Ah, wewe unanipenda kuliko mama," dada akasema, akanyoosha mkono wa kulia.

"Huo hapana," Kitinda alimwambia kwa upole. Akazunguka kitanda, akauchukua mkono wa kushoto, upande wa goti linalongoja, akavifunga vidole vya dada yake kwenye mpini, kimoja baada ya kimoja.