Wageni Wangu Wote Walijua

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na sita, ni mama wa watoto wawili, nauza vitambaa hapa Tanga mjini. Haya yalinipata nikiwa Guangzhou, Uchina, mwishoni mwa miaka ya tisini, sijafika hata thelathini. Nimeyanyamazia muda mrefu...

Mimi na mume wangu, Salim, tulipanga chumba na sebule mtaa wa Sanyuanli. Tulinunua nguo za jumla kwenye maduka ya barabara ya Guangyuan Xilu na kuzisafirisha Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyechagua mali na kubishana bei, maana Kichina cha sokoni nilikishika. Salim alishughulika na wasafirishaji, na simu ya mkononi ilikuwa yake. Habari zote za nyumbani zilipitia kwake. Nikimwuliza mbona mama yangu kimya, alisema laini za Tanga ni mbovu. Ningemtiliaje shaka? Ni mume wangu!

Ikafika sikukuu ya Wachina ya mwezi mpevu, ile ya wakati joto linapoanza kupungua. Wenye maduka walifunga wakale na jamaa zao. Nikasema na sisi tupumzike, maana mzigo wa Ramadhani ulikuwa umeshakwenda bandarini. Nikaandaa chakula cha mchana, pilau ya nyama na kachumbari. Mama mwenye nyumba akatuletea balungi kubwa na keki za sikukuu yao. Keki niliziweka kando kwa adabu, kwa kuwa zina mafuta ya nguruwe.

Walikuja wifi yangu Zuhura, dada yake Salim, na Hamza, rafiki wa Salim, wote wakiishi hapohapo Guangzhou. Tulitandika mkeka, tukafungua madirisha, tukawa tunacheka.

Kulikuwa na mgeni mmoja zaidi. Jana yake nilikutana sokoni na binti wa Bi Mwanahawa, jirani wa mama yangu kule Tanga. Tulizungumza kwa haraka tu, akaniambia amefika na mama yake kununua mali, nikawaalika wote wawili. Salim sikumwambia, nilitaka afurahi kwa ghafla.

Bi Mwanahawa alikuja peke yake. Alipoingia tu, Salim alisimama, akamwomba watoke nje wazungumze kidogo. Yule mama akamjibu kwamba atanisalimia mimi kwanza. Akanikumbatia, akanishikilia.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mama tulimzika vizuri. Watu walijaa."

Nikamwuliza mama yupi.

Akamtazama Salim. Nikawatazama wote... Zuhura ameshika kijiko hewani. Hamza ameinamia sahani yake. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa! Hapo ndipo nilipojua.

"Wifi, tuliogopa," Zuhura akasema.

Salim akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba simu ilikuja mwezi uliopita. Kama angeniambia ningeondoka, na mzigo nani angeuchagua? Alikuwa akingoja sikukuu ipite.

Kisha Zuhura akaanza kulia, na mengine yakamtoka. Wiki chache nyuma aliniomba nimkaangie sambusa za hitma ya mama wa Hamza... mama wa Hamza yu hai. Hitma ilikuwa ya mama yangu. Nilikaanga sinia zima, nikawapelekea mlangoni kwa Hamza, nikarudi sokoni!

Mnadhani nilipiga yowe? Nilichukua upawa nikawapakulia. Nilimwuliza Hamza kama anaongeza nyama. Nikamenya balungi, nikaligawa, nikahakikisha kila mtu amepata. Mikono ilifanya kazi kama ya mtu mwingine. Nao walikula, kwa kuwa hawakujua la kufanya.

Nilirudi Tanga wiki ileile. Kaka yangu Athumani alinikuta mlangoni na begi langu.

"Umemaliza biashara?" akaniuliza.

Kumbe Salim aliwaambia kwamba nimepewa habari, na kwamba mwenyewe nimesema siwezi kuuacha mzigo. Nilimweleza kaka yangu ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Mpaka leo tunasalimiana, tunatembeleana, lakini nikimtaja mama yeye huinuka. Sijui kama aliniamini.

Salim naye alirudi, akaleta wazee kuniomba radhi. Niliwapikia chai, nikawasikiliza, nikasema nataka talaka yangu. Ilitoka. Sikuona uchungu wala nafuu. Hata kaburini kwa mama nilisoma Fatiha nikasimama kama mpita njia. Machozi hayakuja...

Ndugu zangu mnaoishi mbali, hata mpendwe vipi, msikubali habari za nyumbani zipitie mdomo wa mtu mmoja. Tafuteni namna ya kuisikia sauti ya mama zenu wenyewe. Nanyi mnaoficha msiba kwa kisingizio cha huruma, au cha riziki, nawasihi muache. Mwenye msiba mwambieni, hata kama hana nauli, hata kama atawaharibia kazi. Mwacheni alie siku yake.