Bosi na Sanduku la Nyanya

Beatha anaishi Bombo, katika milima ya Upare. Shamba lake la mahindi liko nyuma ya nyumba, karibu na msitu. Kila siku nyani hushuka kula. Wakimwona mwanamume, hukimbia. Wakimwona Beatha, huendelea kutafuna, tena humtazama kama mgeni asiyealikwa. Jambo hilo lilimuuma sana.

Mumewe, Melkizedeki, hulima mpunga bondeni Maore. Huko hukaa miezi mitatu. Kabla ya kuondoka, alimletea mkewe mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Walimwita Bosi.

"Mfungie sandukuni asubuhi mpaka jioni," alisema. "Mbwa asipofungwa hawi mkali."

Wengi wetu tumekua tukiamini hivyo, na Beatha aliamini pia. Alichukua sanduku la nyanya, akalitia mlango wa waya.

Wiki ikapita. Bosi alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikojoa na kunya humo humo, akalala juu yake. Akifunguliwa, alijificha chini ya kitanda na kukojoa tena. Beatha alipochoka kusafisha, alimrudisha sandukuni kwa fimbo. Ikawa Bosi akisikia nyayo zake tu, anatetemeka.

"Huyu ananiogopa mimi," Beatha alijisemea. "Nyani atawaweza?"

Akaamua kumrudisha kwa mumewe Maore siku ya Jumamosi. Ijumaa akapita Yudith, afisa mifugo wa kata, akiandikisha mbwa wa kuchanjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu usimwandike. Kesho anaondoka. Hana ukali wala adabu."

Yudith alichuchumaa, akachungulia sandukuni.

"Mama, humu anakaa muda gani?"

"Kutwa."

"Na wewe ungefungiwa kutwa bila choo?"

Beatha aliona aibu. "Si ndiyo dawa ya ukali?"

"Hiyo ni dawa ya woga, mama. Sanduku si baya, ila liwe chumba chake, lisiwe jela. Lioshe, utandike gunia. Hakikisha anaweza kusimama na kugeuka. Mlango uache wazi. Chakula weka humo, aingie mwenyewe. Akizoea, funga dakika tano, ukae karibu. Kesho kumi. Kwa umri huu, mchana usizidishe masaa mawili."

"Na kukojoa?"

"Akiamka tu, mtoe nje. Akimaliza kula, mtoe. Mpeleke mahali pale pale, na akikojoa huko, msifu. Akikosea ndani, futa tu. Na usimtie humo kwa hasira tena."

"Akilia je?"

"Kama hajatoka kukojoa, mtoe haraka. Kama ametoka na ameshiba, subiri anyamaze, ndipo ufungue."

"Sasa ukali utatoka wapi?"

"Mbwa humlinda anayempenda. Akifikisha miezi mitatu, nitakuja kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa."

Jumamosi Beatha hakwenda Maore. Aliketi chini, akaweka tonge la ugali kwenye gunia, akangoja. Siku mbili Bosi hakusogea. Beatha akamwomba radhi kwa Chasu, lugha ya Wapare, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumcheka. Siku ya tatu Bosi aliingiza kichwa. Baada ya wiki chache alikuwa akiingia kulala mwenyewe, na gunia lilibaki kavu. Beatha akienda shambani, Bosi alimfuata mguu kwa mguu.

Mavuno ya mpunga yalipokwisha, Melkizedeki alirudi. Mkononi alishika kufuli jipya la sanduku. Bosi alitoka sandukuni, mlango ukiwa wazi, akasimama mbele ya Beatha. Manyoya yakamsimama, akabweka. Melkizedeki akarudi nyuma hatua mbili.

"Mke wangu, mwite mbwa wako."

Beatha alimwita, na Bosi akaketi miguuni pake.

"Nyani nao wakisikia hivyo hurudi msituni," alisema. "Hilo kufuli lipeleke ghalani. Mwaka huu tuna mahindi ya kufungia."