Nyumba ya Kumi ya Fabiola

Kila asubuhi Fabiola alikamua ng'ombe, akanawa miguu, ndipo akakimbilia shuleni Getanuwas. Asubuhi ile maziwa mengi yalimwagika chini, maana mawazo yake yote yalikuwa kwenye karatasi aliyoikunja katikati ya daftari.

Wiki iliyotangulia wauguzi walikuwa wamekaa kwenye ghala la kijiji, wakichanja watoto wadogo kuzuia surua. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kambi ya vibarua wa shamba la ngano la serikali, wala si mbali. Baada ya chanjo, Mwalimu Felician aliwagawia wanafunzi wa darasa la sita nyumba kumi kumi.

"Mkaone kadi za chanjo kwa macho yenu," aliwaambia. "Nesi anataka kujua wangapi wamefikiwa na wangapi wamebaki."

Jana yake Fabiola alizunguka nyumba tisa vizuri kabisa. Ya kumi ilikuwa ya mama Qamara, ng'ambo ya korongo. Nyumba hiyo ilikuwa imefiwa na mtoto, na kwa desturi bado ilikuwa imejitenga: wenyewe hawaendi kwa watu, na watu hawaingii kwao. Ila kusimama mbali na kuita hakukatazwi, na Fabiola alilijua hilo. Lakini wenzake walikuwa wanakwenda kutazama mashine za kombaini zikivuna ngano.

"Twende, wewe, utaachwa," Imakulata alimwita.

Basi Fabiola akakaa juu ya jiwe, akaandika haraka: watoto wawili, wamechanjwa wote.

Sasa Nesi Tekla alikuwa mbele ya darasa na sanduku lake la barafu, na mwalimu anasoma karatasi.

"Nyumba za Fabiola zina watoto kumi na saba. Waliochanjwa, kumi na saba. Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Fabiola akainamia vidole vyake vya miguu.

"Basi hapa tumemaliza," nesi alisema, akifunga sanduku. "Dawa iliyobaki naipeleka kijiji cha Dirma. Gari linaondoka saa nne."

Masikio ya Fabiola yakawaka moto. Akamkumbuka yule mdogo wa mama Qamara, ambaye hata kutembea hajui. Akasimama.

"Una nini?" mwalimu aliuliza.

"Ile nyumba ya kumi, mwalimu. Sikufika. Niliandika tu."

"Mwenye makofi huyo," mtu alisema nyuma, wengine wakacheka. Machozi yakamdondoka Fabiola.

Nesi hakumfokea. "Wenyewe hawakuja ghalani?"

"Hawawezi kuja, nesi. Ni kwa mama Qamara. Wamejitenga."

Nesi Tekla akalishika tena sanduku lake. "Kumbe. Na sisi tumekaa ghalani tunasubiri watu. Haya, nipeleke. Gari litangoja."

Walivuka korongo, wakasimama mbali na nyumba, nesi akapiga hodi kwa sauti. Mama Qamara akatoka, amekonda.

"Shikamoo, mama," Fabiola alisema.

"Marahaba, binti yangu. Jana nilikuona umekaa pale juu ya jiwe. Nikawatoa watoto nje, nikajua utaniita. Kugeuka, umeshaondoka."

Fabiola akakosa mahali pa kuweka macho. "Nisamehe, mama. Niliandika kwamba wamechanjwa."

Mama Qamara akageukia mlango. "Nesi awachanje kwanza," alisema. "Mengine baadaye."

Watoto wakatumwa nje, mkubwa amembeba mdogo. Sindano ikachomwa pale pale uwanjani, na kilio cha yule mdogo kikasikika hadi korongoni.

Njiani kurudi, nesi aliuliza, "Ukishindwa kitendawili, unafanyaje?"

"Natoa mji."

"Mchezo unaendelea, hakuna aliyeumia. Hesabu ya watoto haiko hivyo. Ukiniandikia kwamba mtoto hajachanjwa, nitarudi kwake. Ukiniandikia amechanjwa na si kweli, umemficha, sitarudi tena. Mahali usipofika, andika: sikufika. Hilo halina aibu."

"Aibu ninayo, nesi."

"Kaa nayo kidogo, itakufundisha. Lakini umesimama kabla gari halijaondoka, na hilo nalo nimeliona. Mkweli wa kuchelewa ni bora kuliko mwongo wa kupigiwa makofi."

Darasani Fabiola alifuta mstari wa kumi mpaka karatasi ikakwaruzika. Akaandika upya: watoto wawili, wamechanjwa. Kisha pembeni, bila kuambiwa na mtu, akaweka tarehe ya leo.