Karatasi Fupi ya Elsie

Elsie Manygoats alikuwa akikoroga uji wa mahindi ya buluu mumewe aliporudi kutoka posta. Huko Arizona, kwenye ardhi ya Wanavaho, wenyeji wa asili, posta ni mbali, mwendo wa saa nzima kwenye barabara ya vumbi. Delbert aliweka bahasha mbili mezani. Zote zilitoka ofisi ya uchaguzi ya wilaya.

"Karatasi za kura zimefika," alisema. "Yako na yangu."

Elsie alifuta mikono haraka. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hakuwahi kupiga kura hata siku moja. Mwaka huu alijiandikisha kwa sababu ya shule ya kijiji. Kwenye kura, wananchi waliulizwa: mnakubali kodi kidogo ili shule isifungwe? Ikifungwa, mjukuu wake Kaylene, mwenye miaka saba, atapanda basi mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Elsie mwenyewe alipelekwa shule ya bweni ya mbali akiwa na umri huohuo. Hakutaka tena kuona mtoto akiondolewa nyumbani gizani.

Walifungua bahasha. Karatasi ya Delbert ilikuwa ndefu, imeandikwa pande zote mbili. Ya Elsie ilikuwa na mistari michache tu.

"Shule iko wapi?" Elsie aliuliza. Aliigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Kwangu ipo hapa, chini," alisema Delbert. "Labda wameona hujui kuchagua. Si ulinichagua mimi?"

"Mzee, usinichekeshe. Nina hasira."

Kesho yake walikwenda nyumba ya mikutano. Lavinia, mfanyakazi wa ofisi ya uchaguzi, alikuwa amekuja kujibu maswali ya watu. Yeye ni Mnavaho kama wao, wa upande uleule, na alizungumza nao kwa lugha yao. Kwanza walitajiana koo, kama ilivyo desturi. Ikaonekana kwamba Elsie ni wa ukoo wa baba yake Lavinia.

"Basi wewe ni shangazi yangu!" Lavinia alicheka, akamletea bakuli la supu ya kondoo. "Haya shangazi, nieleze."

Elsie alimwonyesha karatasi. "Mbona yangu imekatwa?"

"Ulijiandikisha wapi?"

"Kwenye maonyesho, mwezi wa tisa. Mama mmoja alinipa fomu. Hatuna jina la mtaa, kwa hiyo nikachora nyumba yetu, zizi na pampu ya upepo. Nikatia sahihi."

"Na namba yako ya Wanavaho, ile ya kuandikishwa kwenye kabila?"

Elsie alitazama supu yake. "Hiyo niliiruka."

"Basi tatizo ni hapo," alisema Lavinia. "Uchaguzi wa nchi hii una wakubwa wawili. Jimbo ndilo linaloendesha uchaguzi. Lakini Bunge la nchi nzima lina uwezo wa kuweka sheria kuhusu kura za kuchagua wabunge wake. Fomu uliyojaza ni ya nchi nzima. Inataka uape kwa sahihi kwamba wewe ni raia, basi. Arizona yetu inataka na ushahidi. Wakavutana mpaka Mahakama ya Juu ya nchi."

"Nani alishinda?"

"Kila mmoja alipata chake. Kwa kura za wabunge wa Washington, jimbo lazima likubali fomu ya nchi nzima. Kwa kura za jimbo na za hapa nyumbani, kama hii ya shule, jimbo linataka ushahidi wake."

"Yaani Washington mimi ni raia, lakini hapa kwetu bado?" Elsie alipandisha sauti. "Babu zangu walichunga hapa kabla Arizona haijapata jina!"

"Najua, shangazi. Hata mimi inaniuma. Lakini dawa unayo mwenyewe. Huhitaji cheti cha kuzaliwa. Namba yako ya Wanavaho ni ushahidi unaokubalika."

"Namba ile simpi mtu."

"Kwa nini?"

"Serikali ilimpa mama yangu namba. Kisha ikaja kuhesabu kondoo. Ikasema ni wengi mno, ikawapiga risasi kondoo wetu bondeni, mama yangu akiangalia, naye bado mtoto mdogo. Aliniambia nifunge kadi ya namba yangu kwenye kitambaa, nisimwonyeshe mtu."

Delbert alimsogezea mkewe bakuli la supu.

"Bibi yangu alisema hivyohivyo," Lavinia alisema taratibu. "Siwezi kukuambia walikosea. Naweza kukuambia namba itakwenda wapi. Itakaa kwenye kumbukumbu za wapiga kura, na sheria inakataza kuionyesha kwa umma. Uamuzi ni wako."

Elsie aliweka kijiko chini. Supu ilipoa. Mwishowe akatoa kitambaa cha zamani mfukoni, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na kadi yake.

"Mama alificha namba ili wasituchukulie mali," alisema. "Sasa nikiificha, watatuchukulia shule. Nipe hiyo kalamu."

Alijaza fomu ya jimbo, na namba akaiandika mwenyewe, tarakimu moja moja.

"Umewahi, siku ya mwisho ya kuleta ushahidi bado haijapita," alisema Lavinia. "Ile karatasi fupi usiitume. Ukishaituma, hupigi tena. Utaletewa nyingine."

Elsie alisimama, akageukia watu waliokuwa wakila. "Nani mwingine ana karatasi fupi? Msione haya!"

Mikono sita iliinuliwa.

Karatasi ndefu ilifika wiki iliyofuata. Elsie aliisoma yote, mbele na nyuma, huku Delbert akilalamika kwamba hakuna chakula. Alipofika kwenye swali la shule, aliweka alama yake, nyeusi tii. Kisha akatia sahihi kwenye bahasha.

Shule ilipona kwa kura kumi na tisa.

Mwaka uliofuata Kaylene alitoka nyumbani jua likiwa limeshachomoza, akarudi kabla halijazama. Kutoka zizini, Elsie aliweza kumwona njia nzima, na alifurahi mno kila mara.